Nilivyoitambua Mashine ya Mtumbwi Iliyopoteza Jina

Kazi yangu ya kila siku, hapa Pasua mjini Moshi, ni kutengeneza pampu za maji, jenereta ndogo na mashine za kumenya kahawa, kwa hiyo injini ndogo si jambo geni kwangu. Wateja wangu wengi ni wakulima wa mpunga wa Mabogini na Chekereni, ambao pampu zao huniletea zikiwa zimejaa tope, pamoja na wenye mashamba ya kahawa ya huko mlimani, ambao huja msimu wa kuchuma unapokaribia. Hata hivyo sikuwahi kufungua mashine ya kusukuma mtumbwi hadi mwaka 2018, wakati mzee mmoja mvuvi kutoka Lang'ata, kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, alipofika karakana kwangu akiwa na gunia la katani lililofungwa kwa kamba ya nyavu, lenye kitu kirefu na kizito ambacho kondakta wa gari ilimbidi amsaidie kukishusha.

Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi na kunywa maji kabla ya kusema lolote.

"Mwanangu," alisema, "hii mashine ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Imelala stoo tangu mikono iliponishinda kuvuta kamba. Nataka niisikie tena, hata mara moja."

Hakujua jina lake. Yeye na wenzake waliiita mashine ya kamba, kwa sababu huwashwa kwa kuzungusha kamba kwenye gurudumu la juu na kuivuta kwa nguvu, kisha kamba yote hubaki mkononi mwa mvutaji. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, katika miaka ambayo bwawa lilikuwa bado jipya. Bwawa hilo lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 kwa kuyazuia maji ya Kikuletwa na Ruvu yanakokutana na kuuanza mto Pangani, na mzee alikumbuka jinsi perege walivyokuwa wengi wakati ule hata wavuvi wakahamia kutoka mikoa ya mbali. Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari la wateja bila kuyapa uzito, nikihesabu kwamba ni mazungumzo ya mzee anayekumbuka ujana wake, na ilinichukua miezi kadhaa kutambua kwamba yalikuwa ushahidi.

Nilipoitoa mashine kwenye gunia nilikuta mwili wa injini juu, mabomba mawili marefu yaliyoshuka sambamba, na chini kabisa gia boksi ndogo yenye rafadha, ambayo wavuvi wengi huiita propela, ya mapanga matano. Tangi halisi halikuwapo. Mahali pake mtu alikuwa amelehemu kopo la mafuta ya kupikia, kazi iliyofanywa kwa ustadi, lakini iliyoondoka na kibandiko cha jina kama kiliwahi kuwapo. Jina pekee nililoliona lilikuwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito lililo wazi juu ya injini, ambako baada ya kufuta grisi nilisoma neno Villiers na, kwa taabu, jina la mji wa Wolverhampton.

Nilifurahi mapema mno. Villiers nilikuwa nikimfahamu kama mtengenezaji wa injini ndogo za Uingereza, zilizofungwa kwenye pikipiki na mitambo mingi ya zamani, kwa hiyo niliandika kwenye daftari kwamba mashine ni Villiers na nikaanza kutafuta ringi na gaskiti za Villiers. Nilizitafuta Unga Limited kule Arusha, nikamtuma ndugu yangu azitafute Gerezani, Dar es Salaam, na kwa wiki tatu nililinganisha vipimo visivyolingana na chochote. Kumbe kiwanda kile kilitengeneza pia magneto, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, na kabureta kwa ajili ya viwanda vingine, na jina kwenye flaiwili lilikuwa la mtengenezaji wa magneto peke yake. Nilichofanya ni sawa na mtu kuona neno Lucas kwenye taa ya Land Rover kuukuu akaondoka akisema gari linaitwa Lucas. Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu nimewaona mafundi wengi, na wengine ni hodari kunizidi, wakiangukia shimo hilohilo: jina linaloonekana kwa urahisi kwenye mashine ya zamani mara nyingi ni la kifaa kimoja kilichonunuliwa nje, na jina la aliyeiunda mashine nzima liko mahali pengine au limekwisha kupotea.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na hilo halirekebishiki. Kwa mazoea ya kazi ya pampu, jambo la kwanza ninalofanya ni kusafisha. Nilifunga brashi ya waya kwenye grenda nikaipitisha kwenye kasha la krenki, yaani la mhimili unaozungushwa na pistoni, ambalo ni la aluminiamu laini, ili kuondoa rangi iliyobabuka na chumvi nyeupe iliyoota juu ya chuma. Nilikuwa nimekwisha kusugua nusu ya kasha nilipoona kivuli cha herufi na tarakimu zilizogongwa kwa mkono. Nilizima grenda papo hapo. Herufi za mwanzo na tarakimu kadhaa zilisomeka, lakini mwisho wa namba ulikuwa umekwisha kuliwa na waya, ukabaki mng'ao tu. Wakati huo sikujua kwamba kwenye mashine za aina hii zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, namba humalizika kwa alama ya mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo sehemu niliyoifuta ndiyo hasa ambayo ingeniambia umri wake, au ingeniambia kwa kutokuwapo kwake kwamba mashine ni ya kabla ya hapo. Hadi leo siwezi kusema kama palikuwa na alama au hapakuwa na kitu. Tangu siku ile mashine yoyote ngeni inayoingia karakana huoshwa kwa mafuta ya taa na brashi ya nywele, kisha namba zake huwekewa karatasi nyembamba na kusuguliwa kwa penseli laini hadi zijichore zenyewe, na karatasi hiyo hubandikwa kwenye daftari kabla spana haijagusa nati hata moja.

Baada ya hapo nilihamia kwenye gia boksi, na huko nako nikaendelea kuhukumu kitu nisichokijua. Nilipofungua kizibo kilichoko ubavuni ilitoka oili nyeupe iliyochanganyika na maji, nzito kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa. Kwa fundi wa pampu, oili ya rangi hiyo ina maana moja tu, kwamba sili, yaani mpira wa kuzuia maji yasipenye, imekufa na maji yameingia. Nilifungua gia boksi yote nikitafuta sili ili nipate kipimo chake, nikakuta shafti inapita kwenye bushi, yaani vipete vya shaba, zilizobana vizuri, bila mpira wala nafasi ya kuweka mpira. Nilihitimisha kwamba fundi aliyenitangulia aliziondoa. Nikabeba kasha hilo hadi kwa fundi wa kukereza aliyeko upande wa Majengo, tukakubaliana bei ya kupanua tundu la shafti ili niingize sili ya kisasa.

Namshukuru mno fundi yule, kwa kuwa angeweza kupokea fedha yangu na kufanya nilichomwomba. Alilizungusha kasha mkononi, akapitisha kidole kwenye bushi, akaniuliza kama nimewauliza watu wa baharini. Nikamwambia sina ninayemfahamu. Akasema shemeji yake, fundi wa boti aliyestaafu, anaishi Tanga, na kwamba yeye hatalitoboa kasha lile mpaka mzee huyo alisikie.

Tulimpigia simu jioni hiyo. Nilianza kumwambia kwamba nina mashine ya Villiers, naye akanikatiza kwa upole akisema niache jina kwanza, nimweleze ninachokiona. Akauliza kama flaiwili ni wazi na ina sehemu ya kuzungushia kamba. Ndiyo. Kama kuna mabomba mawili yanayoshuka sambamba, moja la shafti na jingine la ekzosi. Ndiyo. Kama rafadha inashikiliwa na pini au na springi nene iliyozungushwa kwenye shafti. Nilipomwambia kwamba nimekuta bolti iliyopenyezwa, lakini pembeni mwake pana kipande cha springi iliyokatika, alicheka kwa furaha.

"Hiyo ni Seagull, kijana wangu," alisema. "Na gia boksi yake haina sili tangu izaliwe. Maji lazima yaingie, na oili lazima igeuke nyeupe. Usimtibu mtu asiyeumwa."

Alinieleza kwamba waliobuni gia boksi ile waliitegemea oili nzito ya gia ya daraja la 140 kuziba mwanya mdogo kati ya shafti na bushi, na kwamba mchanganyiko ule mweupe bado unalainisha meno ya gia vya kutosha ilimradi mwenye mashine aumwage na kuweka oili mpya mara kwa mara. Utaratibu huo kwenye mashine ya kisasa ungekuwa uzembe, lakini kwenye hii ndio ulinzi wake. Nilimwangalia fundi wa kukereza, naye akanirudishia kasha langu bila neno.

Sasa nilikuwa na jina, na kila nilichokiona kikaanza kueleweka. Seagull ni mashine za Kiingereza zilizoanza kutengenezwa mwaka 1931 katika kiwanda cha Marston, ambacho nacho kilikuwa Wolverhampton, mji uleule wa Villiers, kabla kazi hiyo haijahamia Poole kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la wanamaji la nchi hiyo liliziagiza kwa maelfu, na mtu akizishika anaelewa kwa nini: hazina kifuniko cha kuvunjika, hazina vipuri vingi vya kupotea, na karibu kila kitu kinafunguka kwa spana chache. Zilisafirishwa kwenda kwenye bandari na maziwa ya makoloni mengi, na ndiyo maana mojawapo iliweza kuishia kwenye stoo ya mvuvi wa Lang'ata.

Kujua ukoo hakutoshi, kwa kuwa Seagull zilitengenezwa kwa ukubwa zaidi ya mmoja na vipuri vyake haviingiliani vyote. Zile ndogo, za mfululizo wa Forty, zina injini ya sentimita za ujazo 64, na zile kubwa, ambazo Century ni mojawapo, zina 102. Nilipofanikiwa kuitoa silinda nilipima kipenyo chake kwa venia, kile kipimo cha milimita, nikapata takribani milimita 57, nikapima mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu nikapata takribani milimita 40, kisha nikafanya hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaiweza: nusu ya kipenyo, ijizidishe yenyewe, izidishwe kwa 3.14, izidishwe kwa mwendo. Jibu lilikuwa sentimita za ujazo 102. Mapanga matano ya rafadha yalikubaliana na hesabu hiyo, kwa kuwa rafadha pana ya namna hiyo ilitengenezewa mashine ya kusukuma mzigo polepole, si ya kukimbia.

Kuhusu umri, nilikuwa nimejinyima ushahidi bora kwa mkono wangu. Nilichobaki nacho ni magneto ya Villiers, ilhali mashine nyingi za baadaye zilifungwa magneto ya Wipac, pamoja na maneno ya mzee kwamba aliinunua ikiwa kuukuu bwawa likiwa jipya. Nilirudi kwenye daftari nikayasoma tena maneno hayo niliyoyadharau. Bwawa lililojengwa katikati ya miaka ya 1960 lisingeweza kupokea mashine kuukuu iliyotengenezwa baada yake, kwa hiyo niliandika kwamba mashine ilitoka kiwandani kabla ya bwawa kujaa, nikaishia hapo. Ningeweza kukisia mwaka ili kumfurahisha mteja, lakini naona tarehe ya kukisia ni mbaya kuliko tarehe isiyojulikana, maana fundi atakayenifuata ataichukua kuwa kweli na kuagiza vipuri kwa kuifuata.

Kazi ya kuifufua, ukilinganisha na ile ya kuitambua, ilikuwa ya kawaida. Pistoni ilikuwa imeganda kwa kutu. Nilijaza silinda, kupitia tundu la plagi, mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia otomatiki, nikaiacha siku tisa, nikiongeza kila jioni, na siku ya kumi pistoni ilisogea nilipoigonga taratibu kwa kipande cha mti wa mkaratusi. Njia za maji ya kupoza zilikuwa zimezibwa na tope jekundu lililokauka kama tofali, nikaliloweka kwa siki na kulichokoa kwa waya wa baiskeli, tundu moja baada ya jingine, kwa jioni tatu. Pointi za magneto zilikuwa na ukungu wa kijani. Nilizisugua kwa msasa laini sana, nikazifuta kwa karatasi safi, nikaweka mwanya wa nusu milimita kwa fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia mianya, na cheche ikaruka ya buluu. Plagi ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu ni ya uzi wa milimita 18 wakati za pikipiki za leo ni nyembamba zaidi, lakini niliipata kwa muuza vipuri vya matrekta ya zamani.

Springi ya rafadha inastahili maelezo zaidi. Mzee aliponiambia kwamba alipenyeza bolti baada ya springi kukatika, nilimwuliza kama gia zilianza kulia baada ya hapo au kabla. Alifikiri kwa muda, akasema baada. Kule Nyumba ya Mungu maji yalifunika miti iliyokuwa imesimama, na visiki vyake bado viko chini. Rafadha inapokipiga kisiki, springi hujipinda na kumeza mshtuko, lakini bolti haipindi, kwa hiyo kila kipigo cha kisiki kilikwenda moja kwa moja kwenye meno ya gia. Meno mawili yalikuwa yamemeguka pembeni, si kiasi cha kuizuia kazi, ila kiasi cha kuonyesha historia hiyo yote. Nilimpelekea fundi wa springi kile kipande kilichobaki, nikamwomba aufuate unene wa waya, kipenyo cha ndani na upande wa msokoto bila kubadili chochote kwa akili yake wala yangu.

Pamoja na yote niliyokuwa nimejifunza, nilirudia kosa lilelile katika kuchanganya mafuta, na hili linaniuma kwa sababu safari hii nilikuwa nimekwisha kuambiwa. Fundi wa Tanga alisema oili moja kwa petroli kumi. Nilimsikia, lakini moyoni nilidhani umri umemchanganya, kwa kuwa wavuvi wenye Yamaha za leo hutumia oili moja kwa petroli hamsini, na mililita 100 za oili katika lita moja ya petroli zilionekana kwangu kuwa wendawazimu. Nikaitumbukiza mashine kwenye pipa la lita 200, nikachanganya moja kwa hamsini, nikavuta kamba. Iliwaka kwa mvuto wa sita, na majirani walitoka nje kutazama. Dakika chache baadaye sauti yake ilipanda na kuwa nyembamba, flaiwili ikaanza kupungua mwendo ingawa mkono wa mafuta ulikuwa wazi, kisha ikasimama kama iliyoshikwa. Nilikaa kando ya pipa nisithubutu kuigusa. Ilipopoa iliachia, na nilipoifungua nilikuta mikwaruzo myepesi kwenye pistoni, hakuna zaidi, na hilo sikulistahili.

Sababu ni kwamba krenki ya mashine hii haizunguki kwenye beringi za kisasa zinazotosheka na oili kidogo. Inazunguka kwenye bushi, na oili iliyomo kwenye petroli ndiyo inayozilainisha, na hiyohiyo ndiyo inayoziba mianya ili mgandamizo wa chini ya pistoni usivuje. Ukiipunguza kwa kufuata desturi ya mashine nyingine, unaondoa kilainishi na kizibo kwa mara moja. Wapo wanaobadilisha sindano ya kabureta na kufika oili moja kwa ishirini na tano kwa kutumia oili bora za sasa, na ninaunga mkono juhudi hiyo pale inapofanywa kwa vipimo. Mimi niliamua kuiacha kama ilivyo na kumwomba mzee aitumie kwa nadra, kwa sababu moja kwa kumi huacha utando wa oili juu ya maji, na maji yale ni ya samaki, ya ng'ombe na ya watu. Jambo hilo nililiona zito na nililisema wazi kwake, naye alikubali bila kubishana.

Liko pia suala la hewa ya huku kwetu. Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na injini ya namna hii hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, huku petroli ikizidi hewa kwenye mchanganyiko. Plagi ilikuwa ikitoka nyeusi na yenye unyevu, nikadhani nimekosea cheche, hadi nilipojaribu kufungua choki mapema kuliko nilivyoelekezwa na mtu wa pwani. Huko bwawani ni chini kidogo, karibu mita 700, na tofauti hiyo ndogo ilisikika.

Mashine hii ilipojulikana kwamba imewaka, mtu mmoja wa Tengeru, upande wa Arusha, aliniletea mashine ya mtumbwi aina ya Johnson, ya mguu mfupi, iliyokuwa imekaa miaka kwenye banda. Safari hii sikushika brashi. Bamba la pembeni lilikuwa limeng'oka, lakini kwenye bloku ya injini pana kifuniko kidogo cha duara, mfano wa sarafu, ambacho kiwanda kilikigonga namba ya muundo. Nilisugua karatasi kwa penseli ikatoka J15RCU na herufi moja mwishoni. Tangu mwaka 1980 kiwanda kilichotengeneza Johnson na Evinrude kilificha mwaka ndani ya neno la Kiingereza lenye herufi kumi, INTRODUCES, ambalo kila herufi yake ni tarakimu: I ni 1, N ni 2, na kuendelea hadi E ambayo ni 9 na S ambayo ni 0. C ni ya nane na U ni ya saba, kwa hiyo mashine ni ya mwaka 1987, nguvu za farasi 15, na R inaonyesha kuwa huwashwa kwa kamba. Kwa nusu saa nilikuwa na taarifa ambazo kwa Seagull zilinichukua miezi minne, na gaskiti nilizoagiza ziliingia bila kukatwa. Mashine hiyo nayo ina sili kwenye gia boksi yake, na oili yake ikitoka nyeupe basi kweli inaumwa.

Mwezi Februari mwaka 2019 tulikwenda Lang'ata. Tuliifunga Seagull nyuma ya mtumbwi wa mbao wa mjukuu wake, tukaikaza skrubu mbili za kushikilia na kuongeza kamba ya usalama, kwa maana mashine ya aina hii ikichomoka ndani ya maji haionekani tena. Nilimweleza kijana kwamba haina klachi: rafadha huanza kuzunguka papo hapo injini inapowaka, kwa hiyo mtumbwi lazima uelekezwe kwenye maji wazi kabla ya kuvuta, na hakuna mtu wa kusimama wala nguo ya kuning'inia karibu na flaiwili. Mzee alisikiliza maelezo yangu yote kwa adabu, kana kwamba hayajui. Kisha akafungua koki ya petroli, akabonyeza kitufe cha kabureta mpaka matone mawili yakadondoka, akazungusha kamba, akampa mjukuu mwisho wake avute.

Iliwaka kwa mvuto wa tatu. Tulizunguka mbele ya kijiji kwa kama dakika ishirini, polepole, mashine ikilia kwa sauti yake nzito, nami nikiweka kiganja kwenye silinda kila mara kuhakikisha maji yanapita. Iliendelea kuwa vuguvugu tu. Mzee alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja na hakuzungumza.

Tulipogeuka kurudi, tukiwa bado mbali na ufuko, nilimwona akinyoosha mkono na kufunga koki ya petroli. Nilidhani amekosea, nikataka kumwambia, kwa maana palikuwa na maji mengi mbele yetu. Mashine haina swichi ya kuizima. Iliendelea kunguruma kwa petroli iliyobaki ndani ya kabureta, ikavuta mtumbwi kupita nyavu zilizotandazwa, kupita visiki viwili vilivyochomoza, kisha ikakohoa na kunyamaza, na mtumbwi ukaendelea wenyewe hadi pua yake ikagusa tope pale ambapo wajukuu wake walikuwa wamesimama.

"Kabureta ni ileile," alisema mzee, akaanza kuizungusha kamba mkononi kuikausha.